IST inavuja oili juu ya injini, fundi anasema ishushwe: jibu kwa aliyeuliza

"Fundi habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ cc 1500, imetembea kilomita 168,000. Miezi minane iliyopita nilianza kusikia harufu ya oili inaungua nikiwa kwenye foleni, hasa pale Ubungo gari ikisimama muda mrefu. Fundi wa kwanza akaniambia gaskiti imekufa, akapaka silikoni pembeni pembeni ya kava la juu, ikatulia wiki tatu ikarudi. Akapaka tena, ikarudi. Sasa hivi asubuhi gari inatetemeka, taa ya chek injini imewaka, na nilipochomoa koili ya namba tatu nimekuta oili imejaa kwenye shimo la plagi. Fundi wa pili anasema oili kufika huko maana yake ringi zimeisha na gaskiti ya hedi imeungua, injini ishushwe au nitafute nyingine ya mtumba. Sina hiyo hela. Je ni kweli? Na je hii kazi naweza kuifanya mwenyewe nyumbani? Nina boksi la spana, nimewahi kubadilisha plagi na breki pedi."

Pole sana ndugu yangu, na kabla ya yote nikwambie usishushe injini. Kwa hayo uliyoyaeleza sioni hata kitu kimoja kinachosema ringi (zile pete za pistoni) wala hedi. Naona gaskiti ya tapet kava (lile kava la juu ya injini) imekauka, silikoni imepakwa mahali ambapo haiwezi kusaidia, na oili imeingia kwenye shimo la plagi ikaanza kusumbua moto, yaani umeme, ambao koili inaupeleka kwenye plagi. Hivyo vyote vinaisha kwa kazi ya nusu siku na injini ikiwa palepale ilipo.

Mimi naona tatizo lako limeanzia kwenye neno. Sisi mafundi tukisema "gaskiti imekufa" tunasema kama vile injini ina gaskiti moja, kumbe zipo nyingi na kila moja ina kesi yake. Gaskiti ya hedi imekaa katikati ya bloku na hedi, inabana moto wa silinda, inabana maji ya rejeta na inabana oili, vyote kwa pamoja, ikifa hiyo kweli ni msala. Gaskiti ya tapet kava ni mpira tu uliokaa chini ya lile kava la juu kabisa, lile lenye mfuniko wa kumwagia oili, kazi yake ni kuzuia oili inayorukaruka juu ya kemshafti (vyuma vinavyofungua vavu) isitoke nje. Haigusani na moto wa silinda wala haigusani na maji. Mtu akikwambia gaskiti imekufa, swali la kwanza muulize gaskiti ipi, na mwambie akuonyeshe kwa kidole.

Na hedi ikiungua injini haikai kimya. Maji yanapungua huoni yanakovujia, rejeta inatoa mapovu gari ikiwa inaunguruma, temperecha inapanda, ekzosi inatoa moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, au unachomoa dipstiki unakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Wewe hujataja hata kimoja. Ringi zikiisha nazo zina dalili zake, moshi wa bluu nyuma ukikanyaga mafuta, oili inapungua wakati nje injini ni kavu, na ukifungua mfuniko wa oili injini inapumua kwa nguvu. Halafu elewa hili vizuri, oili uliyoiona imekaa JUU ya plagi, nje ya silinda. Ringi ziko chini ndani, zikipitisha oili itaungua ndani ya silinda na kutoka kama moshi, ile plagi utaikuta nyeusi kwenye ncha yake, ila oili haiwezi kupanda ikapita kwenye nyuzi za plagi iliyokazwa ikajaza shimo kwa juu. Ile imetoka kwenye tapet kava, imepita kwenye mpira unaozunguka shimo, ikashuka. Njia ni hiyo.

Sasa kwa nini mpira ufe. Nyumbani kama mna presha kuka utakuwa umeona ule mpira wa mfuniko, ukiwa mpya ni laini unaukunja unarudi, baada ya miaka kadhaa unakuwa mgumu, unabaki na umbo la mfuniko, na mvuke unaanza kutoka pembeni hata ukaze vipi. Gaskiti yako ni kitu hichohicho. Haizibi kwa kubanwa sana, inaziba kwa sababu ikibanwa kidogo inasukuma kurudi, ule uhai wake wa kurudi ndio unaojaza kila kijishimo kati ya kava na hedi. Miaka 20 ya kupata moto na kupoa, oili chafu, na hizi foleni zetu ambapo gari inasimama nusu saa bila upepo wa kupoza injini, mpira unakauka unakuwa kama plastiki. Nimeshatoa gaskiti za hizi 1NZ zinakatika mkononi kama biskuti, na ukiangalia kipande chake unaona upande mmoja umelala bapa kabisa, haufanyi kazi yoyote.

Ndiyo maana kukaza bolti zaidi hakusaidii. Watu wengi wakiona jasho la oili wanachukua spana wanaongeza kukaza, wakidhani wanabana uvujaji, kumbe mpira hauna uhai wa kusukuma, na zile bolti zimeingia kwenye hedi ya alumini ambayo nyuzi zake ni laini. Kipimo cha Toyota kwa bolti za tapet kava ya injini hii ni nyutoni mita 10 tu. Ukitaka kuipata picha yake, ni kama kilo moja ya sukari ikining'inia mwisho wa fimbo ya urefu wa mita moja. Kwa racheti yenye mpini wa sentimita 20 ni uzito wa kama kilo 5 pale unaposhikia, yaani mkono mwepesi kabisa. Huko juu oili haina presha ya pampu inayosukuma kava, inaruka na kutiririka kurudi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), kwa hiyo hakuna sababu ya kukaza kama unakaza tairi. Ukizidisha, kava linapinda au nyuzi zinang'oka, na hapo ndipo kazi ndogo inageuka kuwa kubwa.

Na silikoni. Hapa naomba unisikilize kwa makini maana ndiyo inayoniuma zaidi. Silikoni iliyopakwa kwa nje ya kava haizibi chochote, oili inasukuma kutokea ndani na silikoni imeshika juu ya uchafu na mafuta, lazima iachie, ndiyo maana ulipata wiki tatu. Hiyo ya nje ni hasara ya hela tu. Hatari yenyewe ni fundi anayefungua kava, anaacha gaskiti kuukuu au anaitupa kabisa, anamwaga silikoni kuzunguka kava lote halafu anafunga. Silikoni ikibanwa nusu inatokeza nje, hiyo unaiona, nusu nyingine inatokeza ndani na hiyo huioni. Inakatika vipande vipande inashuka na oili mpaka kwenye sampu, pale kuna strena, yaani chujio, ambayo pampu inavutia oili. Kuna mama mmoja anasambaza mikate kwa Probox, injini kama yako, aliniletea gari taa ya oili inawakawaka akiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta). Tukashusha sampu, strena ilikuwa imejaa vipande vya silikoni ya bluu kama minyoo, nikavitoa kimoja kimoja kwa plaizi ndogo nikavipanga kwenye kitambaa cheupe ili aone mwenyewe. Tulifika kwa wakati, angeendesha mwezi mwingine kranki ingekata. Na chanzo kilikuwa uvujaji mdogo wa tapet kava, kama wa kwako.

Kwa hiyo ukifungua kava lako angalia kama yule fundi wa kwanza aliweka silikoni ndani pia. Wewe umesema pembeni pembeni, inawezekana ni nje tu. Lakini ukikuta na ndani imetambaa, itoe yote kwa mkono, na panga safari ya kushusha sampu kuangalia strena, usiache.

Kabla hujanunua kitu chochote, hakikisha kwanza kinachovuja ni tapet kava peke yake. Oili inashuka chini, kwa hiyo unapoliona tone siyo linapoanzia. Nimeona watu wameambiwa oili sili ya nyuma ya kranki imekufa, gia boksi likashushwa, sili ikabadilishwa, gari ikaendelea kudondosha, kumbe oili ilikuwa inatoka kwenye kona ya tapet kava, inatambaa nyuma ya injini mpaka kwenye kengele ya gia boksi na kudondokea hapo. Safisha injini kwa tambara na spreyi ya kusafishia breki ikiwa imepoa kabisa, usitumie pampu ya maji ya kuoshea magari maana maji yataingia kwenye mashimo ya plagi na soketi za umeme, endesha siku mbili, halafu chukua tochi uanze kuangalia JUU ukishuka. Pale penye unyevu mpya palipo juu kuliko pengine ndipo chanzo. Ukipaka poda ya mtoto kidogo kwenye sehemu unayoishuku, oili itachora mstari kwenye poda utauona wazi. Kwenye 1NZ angalia pia kile kivavu cha VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vavu kufunguka) kilichoingia kwenye hedi upande wa cheni, kina ringi ya mpira nayo hukauka, na angalia ule mshono wa kava la cheni, pamoja na swichi ya oili. Hivyo vitatu vikivuja inasingiziwa tapet kava, na tapet kava ikivuja vinasingiziwa vyenyewe.

Swali lako la pili, kama unaweza kuifanya mwenyewe. Mtu aliyebadilisha plagi na breki pedi bila kuharibu kitu, mimi namwambia ndiyo, kwa masharti mawili, uwe na siku nzima isiyo na haraka na uwe msafi kuliko ulivyowahi kuwa kwenye gari. Kufungua na kufunga ni rahisi, asilimia kubwa ya kazi ni kusafisha, na ndiko mafundi wengi tunakokata kona kwa sababu mteja amesimama anasubiri.

Gaskiti nenda kanunue mwenyewe, Kariakoo au Ilala au popote ulipo, ukiwa na namba ya chasi siyo kusema tu "ya IST", maana muuzaji akikisia utarudi. Usiangalie boksi, maboksi yanaigizwa vizuri sana siku hizi, angalia mpira wenyewe. Ukunje taratibu uachie, unatakiwa urudi haraka na usiache mstari mweupe, kingo ziwe laini zisizo na nyuzinyuzi za kiwandani, na ukiulaza mezani ukae kwenye umbo la kava. Muulize na mipira ya mashimo ya plagi, kuna injini ambazo imeungana na gaskiti yenyewe na kuna injini ambazo inauzwa peke yake, ukisahau hiyo ukabadilisha ya nje tu, shimo la namba tatu litajaa tena na utasema kazi haikusaidia. Nunua na tyubu moja ndogo ya silikoni nzuri ya injini, ile isiyoharibu sensa. Ndiyo, silikoni, nitakwambia inaenda wapi.

Anza injini ikiwa baridi kabisa, ya kulala usiku. Puliza au brashia vumbi na mchanga wote unaozunguka kava KABLA hujafungua bolti hata moja, kwa sababu ukishainua kava chochote kilicho pembeni kinaangukia kwenye kemshafti. Chomoa koili nne, ziandike namba, namba moja ni ile ya upande wa cheni. Halafu kabla hujagusa plagi, toa oili yote kwenye lile shimo. Tumia bomba la sindano kubwa lililovishwa kampira chembamba, unafyonza mpaka isiendelee, unamalizia na kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi ndefu. Ukilegeza plagi oili ikiwa imekaa juu yake, yote inamwagikia kwenye silinda. Kidogo itaungua itatoa moshi dakika chache, ikiwa nyingi pistoni inakutana na kimiminika kisichobanika na hapo unaweza kupinda koneki rodi kwa kosa la dakika moja.

Bolti za kava uzilegeze kidogo kidogo kuanzia nje kuja katikati, na uzihesabu, uziweke kwenye kibakuli. Bolti moja ikitumbukia upande wa cheni utalia. Kava likigoma kunyanyuka usichomeke bisibisi kati ya kava na hedi ukakunjua, ule uso ukikwaruzika utavuja hata kwa gaskiti mpya, gonga pembeni kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao mpaka liachie. Likitoka, ziba kwa vitambaa safi lile tundu la cheni na njia za oili. Hapo utaziona kemshafti mbili. Zikiwa na rangi ya asali iliyokolea, injini imetunzwa. Ukikuta ugoro mweusi mzito umelala kwenye kona, hiyo imekaa na oili muda mrefu kupita kiasi, usianze kuukwangua udondoke ndani, futa unaofikika na uanze kubadilisha oili kila kilomita 5,000 bila kukosa.

Toa gaskiti ya zamani, safisha mfereji wake kwenye kava kwa kijiti cha mbao au plastiki, siyo bisibisi wala msasa, vumbi la msasa ni mchanga kwa injini. Tumia saa nzima hapo kama inabidi. Kucha ya kidole ndiyo kipimo, ipitishe kwenye uso wa hedi kuzunguka kote, ikikwama mahali kuna silikoni au mpira umebaki. Malizia kwa kitambaa chenye spreyi ya breki mpaka kitambaa kibaki cheupe na uso uwe mkavu kabisa. Gaskiti mpya inaingia kavu, haipakwi oili wala silikoni, unaibonyeza kwenye mfereji kwa kidole kuzunguka yote. Silikoni inaenda sehemu mbili tu, pale kava la cheni linapokutana na hedi, kila upande tone moja kama punje ya maharage, kwa sababu pale kuna mshono wa vyuma viwili na mpira peke yake hauwezi kujaza ule ufa. Ukishaweka rudisha kava ndani ya dakika chache kabla haijaanza kukauka.

Ukiligeuza kava gaskiti hupenda kudondoka upande mmoja bila wewe kujua, hasa karibu na mashimo ya plagi, kwa hiyo ukishalikalisha piga tochi kuzunguka uone mpira umekaa. Bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Halafu kaza kuanzia katikati kwenda nje, mizunguko miwili mitatu, ya mwisho ndiyo nyutoni mita 10. Ukiweza kuazima toki renchi ndogo (spana inayopima nguvu ya kukaza) azima, kama hakuna shika racheti karibu na kichwa chake siyo mwisho wa mpini, na ukisikia bolti imefika ikakaza, acha. Mkono utatamani kuongeza kidogo. Usiongeze.

Plagi zirudi kwa vidole mpaka mwisho ndipo ukaze. Angalia na zile soksi za mpira za koili, ya namba tatu najua imelowa. Oili inaulainisha mpira unavimba, moto unapata njia ya pembeni unakimbilia ukuta wa shimo badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, huo ndio mtetemo wako wa asubuhi. Ukipima kwa mashine nategemea utakuta P0303, yaani silinda namba tatu inamisi. Ifute ikauke, ikiwa imechanika au imelegea kama utelezi badilisha. Na mpaka utakapofanya hii kazi usiendeshe sana gari inamisi hivyo, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi) na masega yakiziba ni gharama nyingine kabisa.

Kitu kimoja watu hukiruka ni vavu ya PCV, ile imechomekwa kwenye tapet kava na ina hozi inakwenda kwenye manifodi ya hewa. Injini yoyote hata mpya ina gesi kidogo inayopenya kwenye ringi kuingia chini, vavu hii ndiyo inaifyonza kuirudisha ikaungue. Ikiziba, presha inajaa ndani ya injini na inatafuta pa kutokea, na panapoachia kwanza ni kwenye mipira. Ukiweka gaskiti mpya juu ya PCV iliyoziba utarudi hapahapa. Itoe, itikise, isikike inacheza ndani, kisha kwa kampira safi puliza upande unaotoka kwenye kava, hewa ipite bila shida, geuza upulize upande wa manifodi, ipite kwa tabu. Ikizingua weka mpya, na hozi yake kama imepasuka badilisha.

Acha gari ilale usiku mzima silikoni ishike, asubuhi cheki oili kwenye dipstiki. Injini yako na filta inachukua kama lita 3.7, na galoni zetu ni lita 4, watu wanamimina yote wakidhani wanaipenda injini. Ibaki kati ya alama mbili. Washa, iache sailensa dakika kumi, piga tochi. Moshi kidogo kutoka upande wa ekzosi siku ya kwanza ni ile oili ya zamani inaungua, usitishike, unatakiwa uishe baada ya siku mbili tatu. Na usiendelee kukazia bolti kila wiki.

Sasa tuwe wakweli kuhusu njia nyingine. Kama ungekuwa na jasho tu pembeni mwa kava, halidondoki, mashimo ya plagi makavu, ningekwambia subiri, cheki dipstiki kila wiki, weka hela. Wengi wanaendesha hivyo miaka. Wewe umeshapita hapo, una oili kwenye moto wa plagi na una harufu, na harufu maana yake oili inagusa ekzosi. Ekzosi ikiwa na moto mkali inaweza kuiwasha oili, haitokei mara nyingi lakini hutokea. Zile dawa za kumwaga kwenye oili ili zizibe uvujaji sikushauri, zinafanya mpira uvimbe kidogo, mpira uliokauka kama biskuti hauvimbi. Na kumpa fundi siyo aibu, ila nunua gaskiti mwenyewe, mpelekee, kaa pale uone inavyosafishwa, na mwambie kabla hajaanza kwamba silikoni ni sehemu mbili tu. Fundi mzuri atafurahi kukuta mteja anajua.

Kuna mambo yakitokea weka spana chini utafute mtu wa kuja kuona kwa macho. Bolti ikizunguka bila kukaza, nyuzi za hedi zimeng'oka, hiyo inarudishwa kwa kutia nyuzi mpya za chuma na ni kazi ya mtu mwenye vifaa, usijaribu kuweka bolti nene. Kava likiwa limepinda au lina ufa. Ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa sailensa na hewa inasukuma kwa nguvu hata baada ya PCV mpya, hapo upime kompresheni ya silinda zote nne, na ndiyo itakuwa mara ya kwanza mtu kukuambia habari za ringi kwa ushahidi. Moshi unaoonekana kutoka kwenye boneti ukiendesha, simama pembeni, zima, usifungue boneti kwa pupa. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, hata kama ni sekunde chache, zima hapohapo na gari ivutwe.

Baada ya wiki mbili chomoa tena ile koili ya namba tatu, shusha kitambaa cheupe kwenye shimo mpaka kiguse plagi, kitoe ukiangalie juani. Kikitoka kikavu umemaliza. Kikitoka na oili, niandikie uniambie imelowa upande upi wa shimo na utume picha ya uso wa hedi ukiwa umefungua, tutaanzia hapo.